Mkono Juu ya Beringi ya Moto

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikifika katikati sitakusubiri. Jambo hili lilinikuta mwenyewe, hapa hapa Dutwa, uani kwetu, jua halijazama. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimetoka kulala tu, na kulala ndilo somo nililolifaulu vizuri kuliko yote ya kidato cha nne.

Marehemu baba alituachia pipa la kukaangia mbegu za pamba kabla ya kuzikamua mafuta. Linazunguka juu ya moto. Enzi zake lilinguruma kama paka aliyeshiba. Nimekua nikisinzia kwa sauti hiyo. Alipofariki, likaanza vituko. Likiwa baridi limetulia. Likipata moto linatetemeka mpaka vikombe vinaanguka ndani ya nyumba. Mayu, yaani mama, akachoka: "Kesho watu wa vyuma chakavu wanalichukua. Litaua mtu hili."

Kumbukumbu ya baba iende kuuzwa kwa kilo? Nikashika spana, nikakaza beringi za pande zote mbili, zile zinazoshikilia shafti, chuma kinachozungusha pipa. Likazidi kuruka. Nikakaza tena.

Mgongoni nikasikia: "Mwangaluka!"

Hiyo ni salamu yetu Wasukuma ya asubuhi. Nani anaamkia hivyo jioni? Mtu mmoja tu: baba, kila aliponikuta nimeamka usingizi wa mchana. Nami kwa mazoea nikaitikia, nimeinama vile vile: "Mwangaluka, baba."

Mkono ukapita begani kwangu, ukatua juu ya beringi, pale ambapo ukitemea mate yanachemka. Niamini, haukuungua.

"Umeikaba koo utafikiri imekuibia ng'ombe," sauti ikasema. "Legeza upande huu, mwanangu. Shafti ikipata moto inarefuka. Ikikosa pa kwenda inapinda, ndiyo hiyo inatetemeka."

Nikalegeza. Pipa likatulia polepole, likaanza kunguruma. Nikageuka nimshangilie. Uani kulikuwa na kuku tu.

Mayu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama akisikiliza. Asubuhi wale wa chuma chakavu aliwarudisha kutoka getini.

Tangu hapo, nikikaanga jioni huwa naupa mlango mgongo makusudi. Mayu anasema nimechanganyikiwa. Labda. Ila wewe, sauti ya marehemu unayemkumbuka ikikusemesha kwa nyuma, endelea na kazi. Muulize hata habari za huko aliko. Usifanye kama mimi, usigeuke.