Shem na Mistari Miwili

Kama kutoamua kungekuwa kazi ya mshahara, Shem angekuwa amejenga ghorofa kwao Bungoma zamani. Ni mtu mwema, hilo niliseme mapema. Mrefu, mpole, sare ya ulinzi inamkaa vizuri, na katika hoteli ya Al Rigga, Dubai, anakosimama mlangoni akiwafungulia wageni, hakuna aliyewahi kumlalamikia. Lakini muulize kama anataka chai ya maziwa au ya rangi, atakujibu, "Yoyote tu." Ukimletea ya rangi, ataitazama kama mtu aliyeonewa.

Kule Muhaisnah, kwenye mabweni ya kampuni, wenzake walishamzoea. Wakibishania chaneli ya kutazama, yeye hutazama wanaobishana. Hata uchumba wake wa zamani, inasemekana aliyeuamua ni yule dada, na aliyeuvunja ni yule dada pia. Shem alikubali mara zote mbili.

Basi fikiria watu walivyoshangaa mwaka huu mtu huyo alipogeuka kuwa lulu. Umoja wa Magharibi, chama cha Wakenya wa pande za kwao wanaofanya kazi Dubai, kilikuwa kinapigia kura marekebisho ya katiba yake. Katiba yenyewe hakuna aliyewahi kuisoma, lakini kila mtu alikuwa tayari kufa akiirekebisha. Hoja zilikuwa tatu. Ya kwanza, mkutano utoke Ijumaa uende Jumapili, kana kwamba kuna siku walinzi na wahudumu wa hoteli wote wanapumzika pamoja. Ya pili, mwenyekiti asiitwe tena mwenyekiti, aitwe Rais. Ya tatu, kile chumba kidogo chenye kitanda kimoja ambacho chama kilikodi kwa ajili ya wanachama waliopoteza kazi, kigeuzwe kuwa ofisi ya huyo Rais.

Hoja ya pili ilijadiliwa kwenye WhatsApp mpaka simu zikapata moto. Watu walitukanana, wakaombana msamaha kwa mistari ya Biblia, wakatukanana tena. Hoja ya tatu ilipata vidole gumba vichache na picha ya maua.

Na kwenye kitanda hicho, wakati huo huo, alikuwa akilala Dorah. Alikuwa ametoka kwenye nyumba moja ya Al Warqa ambako alilea watoto watatu, akapika, akafua, na akalala chini kando ya mashine ya kufulia. Alikuwa ameshapata kazi nyingine, ya kushona mapazia, ila karatasi zake za kibali zilikuwa bado hazijatoka. Akikosa kitanda kabla hazijatoka, njia ilikuwa moja tu: kurudi kwa madam Al Warqa na kuomba radhi kwa kuchoka. Kila mwanachama alilijua hilo. Dorah mwenyewe hakumwomba mtu kura. Alikuwa akiwapigia pasi sare wenzake.

Waliokuwa wakiomba kura ni wengine. Upande mmoja alikuwapo Linus, mwenyekiti, mtarajiwa wa urais, ambaye kazini ndiye supavaiza wa Shem na ndiye hupanga zamu. Upande wa pili Metrine, mhudumu wa mkahawa, mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kila mmoja alikuwa amewahesabu watu wake na kugundua kwamba wamekaribiana mno. Aliyebaki katikati ni Shem.

Linus akampeleka kula mbuzi. "Ndugu yangu," alisema akimwongezea mbavu, "chama bila ofisi ni kama kikundi tu cha kuzikana. Wageni wakija tuwakalishe wapi? Kitandani? Na unajua, kuna zamu ya ndani ya lobi, yenye AC, nafikiria nani anaifaa."

"Tuko pamoja, bosi," Shem alijibu.

Siku chache baadaye Metrine akamletea ugali, mrenda na samaki, akakaa mbele yake mpaka amalize. "Shem, hiki kitanda si cha Dorah peke yake. Kesho ni wewe. Kampuni ikikwambia khalas, kazi basi, utalala wapi, kwa ofisi ya Rais?"

"Tuko pamoja, dada."

Shem alikuwa hadanganyi. Tatizo lake ndilo hilo: alikuwa pamoja na kila mtu aliyekuwa karibu naye wakati huo. Kwenye basi la kampuni, kila asubuhi, alizipima hoja kwa bidii kuliko mbunge yeyote. Alimwona Dorah amelala kando ya mashine ya kufulia, akawa upande wa Metrine mpaka kwenye mzunguko wa barabara. Kisha akajiona mwenyewe Agosti, amepangiwa lango la nyuma lenye jua, akawa upande wa Linus mpaka hotelini. Jioni akirudi alianza upya. Na tusimwonee, mbuzi na samaki pia vilikuwa vitamu, na mtu akishaamua nani atamlisha tena?

Siku moja alimkuta Dorah akipiga pasi. Akaona aibu kupita kimya. "Usijali," alimwambia, "mimi niko na wewe." Dorah aliinua macho kutoka kwenye shati, akatabasamu, na akaamini.

Siku ya kura walikutana ghorofani, kwenye mkahawa wa Bi Kibibi, Mzanzibari aliyezeekea Dubai na aliyewakodishia ukumbi kwa sharti moja tu. "Wanangu, viti vyangu msivikokote," alionya. Kura haikuwa ya karatasi, kwa sababu mwaka uliopita karatasi zilizaa zikawa nyingi kuliko watu. Safari hii ilikuwa mlolongo, kama walivyofanya wazee wao nyumbani enzi zile: anayekubali apange mstari dirishani, anayekataa apange mstari jikoni, kila mmoja aonekane na wote.

Dorah alikaa mwisho wa ukumbi, mbali na mlango, na begi lake. Alikuja nalo kabisa. Aliwajua watu wake.

Hoja ya kwanza ilipita, Shem akiwa chooni. Hoja ya pili ilipita kwa vigelegele, Shem akiwa kwenye ngazi akizungumza na simu ambayo haikuwa imelia. Hoja ya tatu ilipotajwa, Metrine alikuwa amesimama mlangoni pa choo na mikono kiunoni.

Watu wakaanza kujipanga. Ukumbi ulikuwa mdogo, mikia ya mistari ikagongana, wawili wakasukumana. Hapo uso wa Shem ukang'aa. Akapata kazi. Akasimama katikati, mbele ya mlango, mkono mmoja mgongoni, mwingine ukielekeza, kama asimamavyo hotelini mabasi ya watalii yakishusha. "Taratibu, taratibu. Nyinyi sogeeni ukutani. Yalla, dada, acha nafasi hapo. Laini moja, tafadhali." Na wakamtii! Mistari ikanyooka vizuri sana. Kwa muda ule hapakuwa na mtu mwenye furaha kumzidi.

Wahesabu kura wakapita dirishani, wakapita jikoni. Sawasawa.

"Na huyo mrefu hapo kati," Bi Kibibi aliuliza kutoka kwenye kaunta, "yeye yuwapi?"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Linus alimtazama. Metrine alimtazama. Dorah naye.

"Mimi... mimi nilikuwa napanga watu," Shem alisema.

"Shem, ingia laini!" Metrine alipiga kelele. "Hatua moja tu!"

Ilikuwa hatua moja, kweli. Aliangalia dirishani, akaangalia jikoni, akafungua mdomo. Linus, ambaye hajawahi kuchelewa kwenye jambo linalomfaa, aligonga meza. "Kuhesabu kumekwisha. Kura zikilingana, Rais ndiye anaamua. Rais anakubali. Hoja imepita." Wa dirishani wakashangilia, wa jikoni wakaanza kutukana, na Bi Kibibi akapiga ukelele kwa ajili ya viti vyake.

Dorah hakungoja pilau ya baada ya mkutano. Alibeba begi akapita katikati ya mistari ile, ambayo ilikuwa bado haijavunjika. Alipomfikia Shem, alisimama.

"Kaka Shem," alisema kwa upole, "umetupanga vizuri."

Shem alitaka kusema samahani. Nasadiki alitaka. Lakini mtu alikuwa amesimama mbele yake na begi, na mlango ulikuwa nyuma yake, na mwili wa Shem, ambao haujawahi kusubiri ruhusa ya Shem, ukajua la kufanya. Akaufungua mlango, akaushikilia kwa heshima, akainamisha kichwa kidogo.

"Karibu tena, madam," akasema.