Roda na Asaimenti za Mwalimu Mkuu

Kuna watu ambao wakigundua unajua kufanya kitu, hawatulii mpaka wakufanye jembe la kuazimwa. Roda alikuwa jembe la shule yetu.

Alikuwa karani wa ofisi katika shule ya msingi ya kibinafsi pale juu ya soko la Birongo. Mimi, Gladys, nilikuwa nikifundisha Kiswahili humo humo. Chumba cha walimu na ofisi vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, na mtu akipiga chafya upande ule, sisi wa upande huu tulimwambia pole. Kwa hiyo nikisema niliyasikia haya, jua niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Roda alikuwa akitaipu bila kutazama vidole. Mitihani, barua za wazazi, ratiba, hata hotuba ya harusi ya dereva wa basi la shule, vyote vilipita mikononi mwake. Nami sijitoi. Mitihani yangu ya gredi ya sita nilimpelekea ikiwa mwandiko wa kuku, naye akanirudishia imenyooka, makosa yameondolewa, asiseme neno.

Lakini alichotaka yeye ni kufundisha. Mwalimu yeyote akikosa kuja, Roda ndiye aliyetumwa darasani akawatulize watoto, na yeye badala ya kuwatuliza akawafundisha. Aliwafundisha vizuri kutushinda baadhi yetu wenye vyeti, na nasema hivyo bila wivu, au kwa wivu kidogo tu.

Mwalimu mkuu wetu aliitwa Angwenyi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Mtu mbaya ungemjua na kumkwepa. Huyu alikuwa mzee wa kanisa lile lile la Kisabato alikoabudu Roda, aliomba kwa machozi, na mvua ikinyesha alikupa mwavuli wake akabaki analowa. Tatizo lake lilikuwa moja. Alikuwa na cheti tu cha ualimu, na mwenye shule alikuwa amemwambia wazi kwamba miaka minne ikipita bila digrii, kiti hicho kitapata mtu mwingine.

Akajiandikisha chuo kikuu kimoja kinachofundisha kwa mtandao. Wiki hiyo hiyo akamwita Roda.

"Roda, wewe ni mtu ya kusoma. Jiandikishe na wewe. Digrii ni hiyo hiyo ya ualimu wa shule za msingi. Ukimaliza, nakupa darasa hapa hapa. Barua nitaandika mimi, na intaneti ya ofisi utatumia ukimaliza kazi."

Roda alitoka mle ofisini akilia kwa furaha. Jumapili alimpelekea Angwenyi mkungu mzima wa ndizi nyumbani kwake. Hata mimi nilisema, huyu ndiye bosi. Sikujua kwamba mtu anaweza kukufungulia mlango kwa sababu anataka umbebe mkiingia.

Usidhani masomo yenyewe yalikuwa mepesi. Roda aliishi upande wa Masimba na mumewe Haron, fundi wa ujenzi ambaye kazi ilimweka mbali na nyumbani siku nyingi, na watoto wawili. Alfajiri alikuwa kwenye shamba la chai, kikapu mgongoni, simu kifuani, waya mmoja wa kusikilizia sikioni. Mhadhiri akieleza nadharia za malezi, vidole vyake vinachuma majani mawili na chipukizi. Saa moja na nusu yuko ofisini. Saa kumi na moja jioni watoto wameondoka, yeye ndiyo kwanza anafungua vitabu. Umeme ukikatika anaandika kwa kalamu, ukirudi anataipu. Jumamosi ni Sabato, simu inazimwa kuanzia Ijumaa jua likitua. Wiki yake ilikuwa na siku sita, na hata hizo sita hazikuwa zake.

Hata hivyo, muhula ule wa kwanza alikuwa na raha ambayo sijaiona kwa mtu mzima. Siku moja alinijia mezani na simu mkononi. Mhadhiri mmoja, Dakta Onsongo, alikuwa ameandika chini ya kazi yake: "Hii nimeisoma mara mbili, na mara ya pili sikuwa nasahihisha." Roda alinisomea maneno hayo mara tatu, kama kwamba mimi sijui kusoma.

"Madam Gladys, mtu wa chuo kikuu anisome mara mbili? Mimi?"

Nilimkumbatia. Nilijisikia kama nimepita mimi.

Asaimenti ya kwanza ya Angwenyi, aliiandika mwenyewe kwa mkono, Roda akaitaipu. Hiyo ni kazi ya karani, nani atalalamika? Ya pili ilikuja nusu. "Hapo mwisho nimalizie vile unaona," alisema. Ya tatu ilikuja na mistari minne. Ya nne lilikuja swali peke yake.

"Mwalimu, hapa hakuna kitu," nilimsikia Roda akisema.

"Si wewe umeshafanya yako? Ni swali hiyo hiyo. Badilisha-badilisha tu maneno."

"Lakini mwalimu..."

"Fomu yako ya ruhusa ya mtihani niko nayo hapa mezani. Nitaisaini. Wewe usijali."

Hakumtisha. Hakuwahi kumtisha. Alitaja tu fomu, kwa upole ule ule wa kumpa mtu mwavuli. Mitihani ilifanyiwa kituo cha Kisii mjini, siku za kazi, na bila sahihi yake Roda asingetoka getini. Tangu siku hiyo kila kazi aliiandika mara mbili, moja yake na nyingine ya bosi, kwa mifano tofauti na hata kwa makosa tofauti ili zisifanane. Mitihani Angwenyi aliifanya mwenyewe na kupata alama za kuchechemea. Asaimenti ndizo zilizombeba.

"Kataa," nilimwambia Roda siku moja.

"Nikatae niende wapi? Mwaka wa tatu nitahitaji shule ya kufanyia mazoezi ya kufundisha. Nani atanipokea? Na Jumamosi nikae naye kanisa moja nimwangalie vipi?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tunasema. Tatizo ni kwamba yeye aliinama, na Angwenyi akapaona mgongoni ni mahali pa kukalia.

Mwaka wa tatu, muhula wa mwisho, Dakta Onsongo aliwapa kazi ya ushauri nasaha: eleza maisha ya mwanafunzi mmoja unayemfahamu aliyeacha shule kisha akarudi. Roda hakutafuta mbali. Alijieleza yeye mwenyewe, ila alimwita huyo binti jina jingine na kuandika kama anayemtazama kutoka nje. Binti yuko kidato cha pili. Mama yake anapooza upande mmoja. Binti anaacha shule amwogeshe, amlishe, amgeuze kitandani, mwaka mzima. Halafu asubuhi moja mama, ambaye hawezi kusema, anavuta sare ya shule iliyokunjwa chini ya mto kwa ule mkono mmoja mzima, na kumrushia binti usoni. Anamrushia tena na tena, mpaka binti anaivaa.

Alinipa niisome. Nilimjua mama yule. Mimi na Roda tumekulia mlima mmoja. Nililia chumba cha walimu mbele ya watu wanaokunywa chai.

Ya Angwenyi aliiandika pia, kisa cha kubuni kuhusu kijana aliyekimbilia kuchoma matofali. Akaziweka zote mbili kwenye kompyuta ya ofisi kama kawaida. Kila mara Roda ndiye aliyeituma chuoni kazi ya bosi. Ila wiki hiyo Roda alikuwa na mtoto mgonjwa, na Angwenyi, akitaka kuonyesha kwamba na yeye anaweza, akafungua kompyuta mwenyewe. Aliona kazi mbili. Akachukua iliyo ndefu, akaandika jina lake juu, akaituma. Siku mbili baadaye Roda alituma ya kwake bila kujua.

Mtambo wa chuo unaolinganisha kazi za wanafunzi hauna huruma. Ulisema kazi ya Roda ni ya Angwenyi, neno kwa neno, na kwamba Angwenyi ndiye aliyetangulia.

Barua ilikuja Jumatatu. Wote wawili wafike mbele ya kamati, kwa mtandao, Alhamisi saa nne. Roda alizisoma kanuni zote za chuo mchana ule, na alipomaliza alikuja kukaa karibu nami, hana rangi.

"Anayenakili anarudia mwaka," alisema. "Anayemwandikia mwenzake anafukuzwa moja kwa moja."

"Lakini hii hukumwandikia. Ameichukua."

"Nikisema ameichukua watauliza imefikaje kwake. Watafungua zote za nyuma. Watazipanga moja karibu na nyingine."

Kikulacho ki nguoni mwako. Hakukuwa na upande wa kukimbilia. Ukweli ungemfukuzisha chuo na kazi kwa siku moja, na uongo ungemrudisha mwaka mzima nyuma na jina la mwizi juu yake.

Angwenyi naye alimwomba. Jumatano jioni nilisikia mbao zikinong'ona. "Roda, wewe bado uko na miaka mingi. Sema tu ulichanganya, ulichukua yangu. Utarudia mwaka, basi. Mimi wakinifukuza, mwenye shule atanitoa hapa, na nyumba yangu yote inakula hapa. Nakuomba kama ndugu katika Bwana. Nikipata hiyo digrii, gredi ya nne ni yako. Naapa." Sauti yake ilitetemeka. Naamini alikuwa akilia kweli.

Alhamisi walikaa ofisini, kwa kuwa kompyuta yenye kamera ilikuwa hiyo moja tu. Niliwaacha watoto wangu wakiandika insha, nikaja kukaa upande wangu wa ukuta.

Alianza Angwenyi. Wakamuuliza kama kazi ni yake. Akasema ni yake. Wakamuuliza kuhusu binti. Akasema alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Kisha nikasikia sauti ya Dakta Onsongo, polepole.

"Kisa hiki kinaishia binti amerudi shuleni. Mama yake alikuwaje baadaye?"

Angwenyi hakusita. "Alipona kabisa, Dakta. Tunamshukuru Mungu. Mpaka alikuja shuleni kwa miguu yake kunipa asante."

Nilishika meza. Mimi nilikuwa kwenye mazishi ya mama huyo. Alikufa muhula uliofuata, Jumanne, Roda akiwa darasani kwa amri ya mama huyo huyo.

"Ahsante. Tafadhali toka nje, tuzungumze na mwenzako peke yake."

Kiti kilisukumwa. Mlango haukufunguliwa. Nilisikia hatua tatu tu, kisha kabati la mafaili likalia: Angwenyi alikuwa amekaa karibu nalo, mahali ambapo kamera haifiki.

"Roda, bwana Angwenyi ametoka?"

"Ametoka," alisema Roda.

"Nataka nikuulize kama nilivyomuuliza yeye," alisema Dakta Onsongo, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayenyoosha mkono kwa aliye shimoni. "Nimesoma kazi zako miaka mitatu. Mkono wako naujua. Mama wa huyu binti, alikuwaje baadaye? Wewe niambie tu. Usiogope."

Kamba ilikuwa hiyo. Siku gani, muhula gani, neno moja tu ambalo Angwenyi asingeweza kulijua, na mzee yule angeelewa yote. Na akishaelewa yote, angelazimika kuuliza ya pili. Nilitaka kusimama nigonge zile mbao. Nilitaka kupiga kelele kwamba nilimwona mama huyo akishushwa kaburini. Lakini mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na anayeutia sahihi ni Angwenyi. Nilikaa. Nasema hivi ili usinihesabu miongoni mwa watu wema wa habari hii.

"Alipona," alisema Roda.

"Una hakika?"

"Ndivyo nilivyosikia kwa mwalimu mkuu, Dakta. Mimi nilinakili. Huyo mama simjui."

Dakta Onsongo akasema kamati itamwandikia, na kikao kikafungwa. Angwenyi alitoka ofisini akijipangusa macho kwa kitambaa, akanisalimia kwa heshima, akaenda jikoni kuulizia chai.

Niliingia. Roda alikuwa bado anatazama kioo cheusi cha kompyuta.

"Kwa nini hukumwambia? Alikuwa anakusaidia!"

"Angeuliza nimemwandikia ngapi."

"Umemwandikia ngapi?"

"Thelathini na mbili." Alisema bila kufikiri, jinsi mtu anavyosema umri wake. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa na kitu kinachofanana na kicheko. "Lakini umesikia, Gladys? Wote wawili tumesema alipona. Mwalimu mkuu anasema alikuja mpaka shuleni kwa miguu. Mimi nilipokuwa nasema hivyo, kwa dakika moja hivi, nilimwona anakuja."