Alama ya Dole

Mheshimiwa aliyewawakilisha watu wa eneo lile kwa vipindi vitatu katika bunge la jimbo la Benue, Nigeria, hakuwahi kuruka foleni ya kura. Alifika kwa miguu, akawasalimu watu kwa mikono miwili, na walipomwita mbele alijibu kwa upole, "Acheni, jua hili ni letu sote." Doosuur, wakala wake kituoni, alimzoea hivyo. Lakini mwaka ule kituo chao ndicho kilichobaki kuhesabiwa, na mpinzani alikuwa mbele kwa kura moja tu katika eneo lote. Ikabaki karatasi ya mwisho: alama ya wino ya dole gumba la mpiga kura ilikuwa imegusa nafasi za vyama vyote viwili. Ikikubaliwa kuwa kura ya Mheshimiwa, ingekuwa sare, na uchaguzi ungerudiwa.

"Yetu hiyo!" vijana walipiga kelele. "Baba, sema neno!"

Mheshimiwa alivaa miwani, akaitazama kwa makini. "Imeharibika," alimwambia msimamizi. "Iweke kando."

Doosuur alitaka kulia, lakini fomu ya matokeo ilipoletwa aliinyakua kabla ya mawakala wengine, akatia sahihi, kisha akaandika jina lake kamili kwa herufi kubwa kando ya jina la chama cha Mheshimiwa, ijulikane alikuwa wakala wa nani.