Flashi ya Kuazima

"Mfumo wako hauna kumbukumbu, Karani. Jana nimeuachia kola za saizi zote na sketi juu, leo unanitazama kama mtu asiyewahi kuniona."

Karani hakunyanyua kichwa. Alikuwa anapanga karatasi za mashine ya fotokopi, akazigonga mezani mpaka zikanyooka, ndipo akajibu kwamba yeye hajauza mfumo kwa mtu. Ameazimisha flashi tu. Na kwa kuwa mwenyewe ameianzisha habari hiyo, flashi inarudi lini?

"Usinihamishe," shemeji yangu akamwambia. "Mimi nauliza kola zangu."

Nilikuwa kibarazani natia vifungo. Kibanda cha Karani kimeegemea ukuta wetu, kwa hiyo sikuhitaji kusogea ili nisikie. Ugomvi wa shemeji yangu haufuatwi; unakukuta hapohapo ulipokaa.

Huyu shemeji ni mume wa mdogo wangu, fundi wa sare za shule. Watu wanamwita Futi kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni, hata msibani. Yeye hukata na kushona, mdogo wangu hupiga pasi, mimi natia vifungo na matundu yake. Kulalamika ni kazi yake ya pili. Atalalamikia uzi, atalalamikia chaki, atalalamikia chai kuwa ya moto, na ikipoa atalalamika kwamba imepoa. Wageni hudhani ana roho mbaya. Sisi tuliomzoea tunajua kwamba kitu akikisema sana kimemwingia moyoni. Asichokipenda hakitaji kabisa.

Ndiyo maana nilishtuka aliponyamaza kuhusu macho yake.

Yalianza kumtoroka polepole. Mstari wa chaki juu ya kitambaa cheupe ukawa unampotea, naye badala ya kusema akawa anakata kwa mazoea. Mkono wa fundi mzoefu unaweza kudanganya watu muda mrefu, lakini kola haifichi kitu. Shuleni kukaonekana mtoto ambaye kola yake imevutwa upande mmoja, kana kwamba kuna mtu anamnong'oneza sikioni. Kisha wa pili. Mwalimu Mkuu akarudisha bunda zima, na akaongeza neno: muhula ujao sare zinabadilika. Anataka aletewe karatasi za kukatia za saizi zote na sampuli moja iliyoshonwa. Kola ikipinda tena, kazi itakwenda kiwandani, na Futi ataachiwa mapindo na zipu zilizoharibika.

Haya hakuniambia yeye. Nimeambiwa na mdogo wangu, kwa sauti ya chini, tukiwa tunakunja nguo. Kwa mtu aliyeshika mkasi tangu ndevu hazijaota, kupewa mapindo ni kuambiwa kaa pembeni.

Kompyuta ilitumwa na binti yao anayefanya kazi mbali. Kakompyuta kadogo ka kubeba, ukikafunika unaweza kukadhani daftari la mtoto. Wazo lilikuwa zuri: kwenye kioo mstari unaweza kukuzwa mpaka hata mwenye macho mabovu auone. Lakini kenyewe kalikuwa kadhaifu. Unakawasha, unakwenda kuchota maji, unarudi, unaanika nguo, bado kanajizungusha. Ukifungua programu ya kuchorea ndiyo kanazimia kabisa.

Karani, ambaye alikuwa karani kweli kabla ya kufungua kibanda, alikashika, akakageuza, akasema hiki kifaa si kibovu, kimebebeshwa mzigo kisiouweza. Kipewe mfumo mwepesi. Akataja Linux.

Basi tukakoma. Futi aliuliza Linux ni nini, akajibiwa kwamba ni mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ule uliomo, ila upo wa namna nyingi na mwingine mwepesi. Akauliza ni wa nani. Akaambiwa watu wengi duniani wanaushona pamoja, kila mtu na kipande chake, halafu wanautoa bure. Hapo akaacha kabisa kushona. Wanautoa bure kwa sababu gani? Wanataka nini kwetu? Anayekosea mshono anasutwa na nani? Karani alijibu mpaka mate yakamkauka, mwishowe akafungua droo, akatoa flashi moja nyeusi, akamwambia achomeke, awashe, ajaribu. Mfumo utaendeshwa kutoka kwenye flashi, kilichomo ndani hakitaguswa. Akipenda ataendelea. Asipopenda atachomoa, yaishe.

"Ila unirudishie," Karani alisema. "Ninayo hiyo moja."

Siku hiyo nilimwona shemeji yangu akiwa mtoto. Kifaa kiliwaka kabla hajamaliza kulalamika kwamba hakitawaka. Akakuta orodha ya lugha, na yetu imo. Akaichagua, akakuta maneno mengine yamegeuzwa na mengine yameachwa yalivyokuwa, akasema hii nguo imeshonwa nusu, nusu nyingine bado ina pini. Alibonyeza kila kilichobonyezeka. Alibadilisha picha ya nyuma, akaibadilisha tena. Akafungua kidirisha cheusi ambacho Karani alimwambia ni cha kuandikia amri, akaandika jina la mke wake. Kikamjibu kwamba amri hiyo haijulikani. Mdogo wangu, pasi mkononi, akasema ajabu, hata mashine imejua nani haamriwi humu ndani.

Programu ya kuchorea ilikuwamo. Alipouvuta mstari wa kola ukawa mnene kama kamba ya kuanikia, alivua miwani, akaivaa, akasogeza uso mpaka pua ikataka kugusa kioo. Kisha akalalamika kwamba mwanga ni mkali. Mimi nikajua amekipenda.

Akashinda nacho. Kola ndogo, kola ya kati, kola ya mabinti wakubwa. Upande wa kushoto akauchora, wa kulia akaunakili na kuugeuza, zikalingana sawasawa. Chaki ikajaa kwenye vibonyezo. Sasa pale kwetu umeme tunachangia na Karani, na pasi yetu ikiwaka wakati mashine yake ya fotokopi inafanya kazi, swichi kubwa inaruka na umeme unakatika. Jioni ile ikaruka. Betri ya kakompyuta ilikufa kitambo, kwa hiyo nako kakalala palepale. Asubuhi alipokawasha, kila kitu kilikuwa kimerudi kama siku ya kwanza. Hata ile picha aliyoichagua haikuwapo.

Huo ndio ugomvi niliowaanzia.

Karani alimsikiliza mpaka akamaliza, halafu akamweleza taratibu. Mfumo haukuwekwa ndani. Ulikuwa unatembea juujuu, kwa majaribio, na umeme ulipokatika majaribio yakaisha. Hakuna kilichopotea, kwa sababu hakuna kilichowahi kuwekwa.

Futi alisimama pale. Mkononi alikuwa na mkono wa shati uliopigwa bandi, zile hatua ndefu za uzi tunazotumia kushikiza nguo kabla ya kuishona. Akaushika uzi kwa ncha, akauvuta, ukatoka wote mara moja na vile vipande viwili vikaachana.

"Kwa hiyo ni bandi," akasema.

"Ni bandi," Karani akakubali.

"Nimevaa nguo ya bandi nikatoka nayo hadharani."

Karani akamwambia basi ashone. Mfumo uwekwe ndani moja kwa moja, kazi ni ndogo. Ila wa zamani utafutwa na vyote vilivyomo. Hapo Futi akarudi nyuma. Kifaa ni cha mtoto, kilikuja na vitu vya mtoto, na kitu kikishakatwa kimekatwa. Kama baadaye hautakubali? Kama mwepesi nao utachoka? Akasema atafikiri. Karani akamwonyesha njia ya katikati: achore kwa flashi, lakini kila akimaliza ahifadhi kazi kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu yake. Futi akaridhika. Akachora upya, safari hii haraka zaidi, na kila jioni akahamishia kwenye kadi kabla mdogo wangu hajagusa pasi.

Na flashi ikaendelea kukaa kwetu.

Karani aliiulizia kwa adabu. Aliiulizia akipita, aliiulizia akisalimia, mara moja aliiulizia kupitia kwangu kana kwamba mimi ndiye mke. Futi alikuwa na jibu kila mara: kesho, anamalizia mfuko, kesho, sketi ina marinda, kesho. Ukweli ni kwamba bila ile flashi kakompyuta kangerudia uzembe wake, naye angerudi kwenye chaki asiyoiona. Alilijua hilo, na aibu ya kulijua ikamfanya apitie mlango wa nyuma.

Siku moja kabla ya kwenda shuleni, kola zilikuwa tayari. Ilibaki kuchapisha karatasi, tuzigundishe, tukate, tushone sampuli. Futi akachukua kadi yake, akapita mlango wa mbele kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita, akaenda kwa Karani. Alimkuta amekaa mbele ya kompyuta yake kubwa, mikono magotini, kioo cheusi.

Futi akamwomba amchapie.

"Nitakuchapia na nini?" Karani alisema. "Imegoma kuwaka tangu asubuhi. Ingewaka kwa flashi. Flashi unajua iko wapi."

Nilimwona shemeji yangu akiushika mfuko wake. Sijamwona mtu akiaibika na mfuko wake mwenyewe kama siku hiyo. Akimpa Karani flashi, kakompyuta kanakufa, na Mwalimu Mkuu akitaka kola irekebishwe hana pa kuirekebishia. Asipompa, karatasi hazichapwi. Kazi yake yote ilikuwa imezibwa na kidole chake mwenyewe.

Akarudi kibarazani, akampigia simu binti yake. Alizunguka sana: akauliza hali, akauliza mvua, akafika kwenye kompyuta kama mtu anayeomba radhi kwa kuvunja sahani. Binti alicheka mpaka tukamsikia sisi. Alikuwa anadhani baba ameshaitupa. Cha maana alikihamisha kabla ya kuituma, kilichobaki afute.

Futi akakabeba mpaka kwenye meza ya Karani, akakachomeka kwenye umeme, wakaanza kuuweka mfumo ndani. Mimi nikatumwa kwenye pasi. Sikutumwa kupiga, nilitumwa kuizuia isiguswe na mtu, mdogo wangu akiwemo. Nikachomoa waya, nikakaa juu ya meza ya pasi kama askari, lakini mlangoni naona.

Kikafika pale kinapouliza kama una hakika, vyote vitafutwa. Futi akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasoma tena kwa sauti. Akapapasa mfuko wa shati kuhakikisha kadi ya kola imo. Halafu akafanya kitu ambacho hufanya kabla ya kukata kitambaa cha mtu: akavuta pumzi, akaishikilia, akabonyeza.

Tukangoja. Kamstari kakatambaa. Karani akajitia kupanga bahasha. Mdogo wangu akaniuliza kwa ishara kama anaweza kupasha pasi kidogo tu, nami nikamtolea macho.

Mwishoni kikaandika maneno, Karani akamsomea: toa flashi, kisha bonyeza.

"Hata chenyewe kinakudai," Karani akasema.

Futi akaichomoa, lakini hakumpa. Aliifumbata mpaka kikazima, kikawaka bila kushikiliwa na kitu, kikamkaribisha kwa jina alilokiandikia. Ndipo akaiweka mezani. Karani akaiwashia kompyuta yake, mashine ikanguruma, karatasi zikaanza kutoka. Tulizigundisha sakafuni tukiwa tumepiga magoti, mstari kwa mstari, na mistari ilikuwa minene kiasi kwamba Futi alikata bila kuinama. Alilalamika kwamba gundi inanuka.

Kesho yake alikwenda shuleni na sampuli. Mwalimu Mkuu alimvalisha mtoto mmoja, akamzungusha, akamzungusha tena, akamvuta kola kwa kidole. Kisha akamwambia Futi aanze kukata zote. Basi. Mtu akitegemea sifa kwa Mwalimu Mkuu yule atazeeka anangoja.

Alirudi akitembea kwa mwendo wa zamani. Alipokaribia kwetu akatia mkono mfukoni kutafuta chaki, akasimama ghafla. Aliufungua mkono. Flashi. Jana alipokuwa anakusanya karatasi na kadi yake, mkono uliozoea ukaichomoa na hiyo pia.

Karani alikuwa mbele ya kioo cheusi, anakunywa chai.

"Ulijua?" Futi akamwuliza.

"Niliiona ikiingia mfukoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungeanza kubishana, ungechelewa shuleni." Karani akaweka kikombe chini. "Kola ilikaaje?"

Futi akasema ilikaa. Akaiweka flashi mezani, mbali na kikombe, akaisogeza kwa kidole mpaka ikafika upande wa mwenyewe. Kisha akasema kosa si lake: watu wanatengeneza vitu vyepesi mno, mtu havisikii mfukoni.

Karani akaipuliza flashi chaki ikaruka, akaichomeka.