Kwa Nini Barabara ya Chilundwa Imepinda

Harufu ya udongo uliokandwa na samadi ya ng'ombe inaingia hadi kwenye chumba nilichopewa na misheni. Ni majira ya kutengeneza mapaa kabla ya mvua, na mji mzima wa Chilundwa unanuka hivyo. Mimi harufu hii ilininyima usingizi wiki iliyopita, kwa sababu nimehitimu ualimu juzi tu, na somo langu la kwanza lilikuwa kuwaeleza watoto kwa nini barabara yetu imepinda. Jibu kila mtu analijua: wanawake walipiga ngoma, Mdachi akashindwa. Lakini mimi najua na kipande kingine, na sikuwa na hakika kama ni changu kukisema.

Nilipokuwa mtoto, reli ilikuwa haijafika huku kwetu. Chilundwa ulikuwa mji wa misafara. Wapagazi kutoka Unyamwezi walitua kando ya mto mkavu, wakafukua mchanga mpaka maji yakachuruzika. Karibu na hapo lilikuwapo jiwe jeusi ambapo babu zetu walipokea hongo, ushuru wa nguo, kabla ya mgeni kunywa. Kulikuwa na msikiti mdogo wa watu wa pwani, na kilimani boma jeupe la Wadachi. Lakini la kale kuliko yote lilikuwa tembe letu, nyumba moja ndefu iliyozunguka zizi pande zote nne, yenye paa bapa la udongo mzito. Jamaa nyingi tuliishi humo, kila moja na kipande chake. "Paa la mtu ni kichwa chake," tuliambiwa, "hulishiki asipokuita." Hata likivuja.

Kipande cha pembeni kilikuwa cha Bwana Salehe, mfanyabiashara wa pwani aliyeoa kwetu, akafiwa na mke, akabaki. Alikuwa mtu wa heshima, kanzu yake safi hata wakati wa vumbi. Ila kwao walizoea makuti, na alipoona paa la udongo aliamini limemaliza shida zote. "Ardhi haiezekwi mara mbili," alipenda kusema. Sisi tulibadilisha nguzo na kukandika upya kila mwaka. Yeye alitutazama kwa huruma.

Sasa bwana mkubwa wa boma alitaka barabara iliyonyooka hadi mtoni, na tembe lilikuwa njiani. Akida alitujia na amri: nyumba imeoza, itaua watu, itabomolewa. Mama yangu ndiye aliyeongoza muheme, ngoma ambayo kwetu hupigwa na wanawake. Alimwambia akida, "Kamwambie bwana wako kwamba tunaanika mtama juu ya huo uozo. Akitaka, tutapanda na ngoma aone." Akida alicheka. Bwana mkubwa hakucheka. Alijibu kwamba angekuja mwenyewe kesho kutwa. Paa likiwabeba, barabara ingezunguka.

Alasiri hiyo mwanambuzi wetu alikimbilia ghalani kwa Bwana Salehe. Nilipomfuata nikaegemea nguzo, na kidole changu kikazama kama kwenye ugali. Ndani mlikuwa na mchwa watupu.

Nikaenda kujibanza nyuma ya zizi, nikawaza. Nikisema, nitakuwa nimetangaza kwamba kichwa cha mtu mzima kimeoza. Nisiposema, kitaanguka na mama yangu juu yake. Labda kitaanguka kidogo tu. Labda mama anaweza kupiga ngoma polepole. Niliwaza hivyo mpaka mwanambuzi mwenyewe akachoka kunisubiri. Kisha nikaenda kumwambia mama.

Hakunigombeza. Aliwachukua wenzake wakasimama mlangoni kwa Bwana Salehe, nje kabisa, kama desturi ilivyotaka. Wangeweza kuingia. Hawakuingia.

"Shemeji," mama alisema, "tuite."

Alijibu kutoka ndani kwamba nyumba yake ni nzima, na kwamba anaswali. Watu wote walijua alasiri ilikwisha kuswaliwa. Mwanamke mmoja akauliza kama mchwa wa pwani hufunga mwaka mzima, na vicheko vikapanda. Mama aliwanyamazisha kwa mkono.

"Shemeji, tuite."

Jua lilianza kuinama na hakuna aliyeondoka. Hatimaye alitoka, kichwa wazi bila kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alituangalia sote, watoto kwa wakubwa.

"Jirani zangu," alisema, "paa langu limenishinda. Njooni."

Kesho yake mji wote ulihamia kwake. Wanaume walileta magogo ya mpingo, ng'ombe walikanyaga udongo, nasi watoto tukaukanyaga pamoja nao. Bwana Salehe alibeba samadi kwa mikono yake, kanzu imefungwa kiunoni, wanawake wakimtania naye akiwajibu.

Siku ya bwana mkubwa, wanawake walipanda wote. Muheme ilipoanza, vumbi lilidondoka kutoka darini na kifua changu kikatetema pamoja na nguzo. Yeye mwenyewe alikwea ngazi, akazunguka paa lote akilipigapiga kwa buti, mpaka pembeni kwa Bwana Salehe. Hapo alikanyaga kwa nguvu zaidi. Paa halikutikisika. Alishuka, akamwambia akida maneno machache, na akida akayatafsiri kwa shida kama mtu anayemeza mfupa: barabara itazunguka. Vigelegele vilifika bomani kabla yake.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ngoma ndiyo iliyoshinda. Nilikua ndipo nikaelewa kwamba ushindi ulipatikana siku mbili kabla, pale mlangoni, na kwamba kwa yule mzee kutamka yale maneno kulikuwa kuzito kuliko kwetu kubeba magogo. Lakini mji haukuwahi kuyasimulia. Ulimsitiri. Je, mimi nimfunue kwa sababu tu nimepewa chaki?

Jumamosi nilikwenda kwa Bwana Salehe. Nilimwamkia, nikaketi, nikazunguka maneno mpaka akanikatiza.

"Waambie, mwanangu. Mchwa walikuwapo. Ila usisahau kuwaambia kwamba niliita."

Jumatatu niliwasimulia watoto, mchwa na yote. Nilipofika kwenye maneno yake ya pale mlangoni niliacha kuegemea meza, nikasimama wima, nikayatamka kwa sauti yangu yote.