Kadi za Kijani na Pamba ya Ng'washi

Mwanangu, nakumbuka siku moja pale Bariadi mjini, ofisi nzima ilikuwa imemaliza kazi zake vizuri kabisa, na bado shamba la mtu lilikuwa linaliwa na funza.

Utasema bibi amechanganya mambo. Sijachanganya. Iweke hiyo simu kando kidogo nikusimulie. Umeniambia Jumatatu unaanza kazi kwenye kampuni, na kwamba huko kila kitu kiko kwenye mfumo, huhitaji hata kuongea na mtu. Hilo neno la mwisho ndilo lililonifanya nivute kigoda.

Wakati huo na mimi nilikuwa kijana. Usinitazame hivyo. Ni kweli nilikuwa na mtoto wa sekondari, lakini nilipanda ngazi za ofisi bila kushika ukuta. Nilikuwa msimamizi wa usafiri katika kampuni ya pamba. Kampuni ilinunua pamba kwa wakulima na kuichambua kiwandani, na kabla ya msimu iliwapa wakulima mbegu, dawa na mabomba ya kunyunyizia. Malori yote yalikuwa chini yangu. Mbele yangu madereva waliniita Mama Kabula, na nikigeuka waliniita Trafiki. Nilijua, nikanyamaza, maana jina lenyewe nililipenda.

Kazi zetu zamani zilikwenda kwa mdomo. Mtu anatoa kichwa dirishani na kupaza sauti: "Kabula, peleka lori Kasoli, wingu limetanda na pamba ya watu iko nje!" Ukishasikia hivyo unajua lori linakwenda wapi, linamfuata nani na kwa nini likimbie. Kisha mkubwa wetu, Mzee Ngasa, akatuletea mfumo wa kompyuta, na makelele yakaisha. Kila kazi ikawa na kadi yake kwenye skrini. Unaifungua, unasoma, unafanya, unabonyeza, kadi inageuka kijani.

Ile rangi tuliipenda, mwanangu, nisikufiche. Watu wazima na akili zetu tulikuwa tunashindana nani ana kijani nyingi. Daudi wa pembejeo, kijana mpole aliyeletwa kutoka Tanga, ndiye aliyekuwa akiongoza. Kulwa, fundi wa karakana, alikuwa mkiani kila wiki na hakujali. Mimi nilikuwa katikati, nikimvizia Daudi.

Mfumo ule ulikuwa na mahali pa kuunganisha kadi moja na nyingine, na mahali pa kuandika kwa nini kazi hii ipo. Tulifundishwa hayo yote siku ya mafunzo. Tukatikisa vichwa, tukanywa chai na maandazi, tukasahau. Kila mtu akabaki na kadi zake, na chombo chenyewe hakikuwa na kosa lolote.

Basi siku hiyo, wakati pamba imeanza kufunga vitumba, akaingia mama mmoja kutoka Bukundi, kule Meatu. Aliitwa Ng'washi. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kumwita ng'ombe aliye mbali. Alikuwa ameondoka kwao alfajiri na kubadilisha gari Mwanhuzi, na mkononi ameshika kitu kilichofungwa kwenye khanga.

Kwanza alikwenda kwa Daudi. Nilisikia yote, kwa sababu meza zetu zilitenganishwa kwa mbao tu.

"Samahani sana, mama yangu," Daudi akamwambia kwa ile lugha yake laini. "Dawa ya Bukundi kwangu imekamilika. Ilishafika kwenye stoo ya chama chenu. Tazama mwenyewe, kijani."

"Dawa ninayo," Ng'washi akajibu. "Nimepewa, nimesaini. Sasa ninyunyizie kwa mdomo?"

Daudi akamwelekeza karakana. Kumbe mabomba ya Bukundi yalikuwa yameletwa kwa Kulwa yatengenezwe, maana yalikuwa yanavuja. Kulwa naye hakumficha. Alimwonyesha mabomba yote, yamefunguliwa na kupangwa vizuri sakafuni. Akamwambia mipira ya ndani imeisha, anangoja vipuri kutoka Mwanza, na kadi yake inasema matengenezo ya kawaida, haisemi kuna haraka. Vipuri ni vya kuletwa na usafiri. Nenda kwa mama wa usafiri.

Ndipo akafika kwangu.

"Mwangaluka," akasalimia.

"Mwangaluka, mayu. Mhola?" nikaitikia kwa Kisukuma chetu, nikimwita mama na kumuuliza kama ni kwema.

"Mhola gani?" akasema, akaifungua ile khanga mezani kwangu.

Lilikuwa tawi la pamba. Vitumba vilikuwa vimetobolewa, na katika kimoja funza alikuwa bado anatafuna, hana habari kwamba yuko ofisini. Nikafungua kompyuta yangu nitafute kazi ya Mwanza. Kadi ilikuwepo. Imeandikwa: *Chukua mzigo Mwanza.* Basi, hakuna neno jingine. Mzigo gani, wa nani, unangojewa wapi, hakuna. Nilikuwa nimeupangia lori la wiki inayofuata, na kwa maneno yale matatu hata wewe ungeupangia hivyo hivyo.

Nikamwambia Ng'washi, wiki ijayo. Hakupiga kelele. Alikaa tu kwenye kiti, akaniambia kwamba ana binti anaitwa Holo, amebakiza mwaka mmoja kumaliza uuguzi, na amerudi nyumbani kungoja pamba hiyo ivunwe ndipo arudi chuoni.

"Wiki ijayo hakuna pamba," akasema. "Na pamba ikiisha, Holo anaolewa. Wazee wa ukoo wameshaanza kutaja ng'ombe. Mtoto mwenyewe hataki, mimi sitaki, lakini nitawajibu nini?"

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi pale tulikuwa tumekula, tumeketi chini ya feni, na kazi zetu ziko sawa. Moyo uliniuma kwelikweli, na mimi moyo ukiniuma, mdomo hufunguka. Nikamwita Daudi kwa sauti iliyofika barabarani. Daudi akasema yeye dawa alipeleka. Kulwa akaja na mikono ya grisi, akasema yeye haoteshi vipuri. Nikasema na mimi si mganga wa kupiga ramli nijue ndani ya mzigo kuna nini. Tukawa tunazozana, na Ng'washi anatugeukia mmoja mmoja. Hasira hasara, mwanangu. Hata kama kila mmoja wetu alikuwa anasema kweli, mabomba hayakuwa yanasogea.

Mzee Ngasa akatoka chumbani kwake. Alikuwa mtu msomi, mwenye shahada ya hesabu, lakini alizaliwa Meatu na kukulia machungani, na alipokuwa na jambo zito hakuwa na haraka. Alimsalimia kwanza Ng'washi kwa Kisukuma, salamu ndefu, mvua, watoto, mifugo. Akalitazama lile tawi. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote.

"Kabula. Baba yako akimpelekea rafiki yake ng'ombe amfugie, huwa anasema nini?"

Unajua desturi yetu. Mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwenye zizi moja. Baadhi huwakabidhi kwa rafiki wa kijiji kingine, awafuge na kunywa maziwa, ili ugonjwa ukiingia huku, kule wabaki. Nami makabidhiano hayo nimeyaona tangu nikiwa mdogo.

"Anasema huyu ni binti wa yule mwekundu," nikajibu. "Anasema anapiga teke ukimkamua upande wa kushoto. Mguu huu uliwahi kuumia. Ndama wake yuko kwa fulani."

"Na kama mtu akija akamfunga ng'ombe zizini kwako, asiseme neno, aondoke?"

"Nitasema ni ng'ombe wa wizi."

"Haya." Akatutazama sote. "Nyie humo kwenye kompyuta mnafungiana ng'ombe wa wizi. Daudi amemfunga wake kaondoka. Kulwa kamfunga wake kaondoka. Hamuulizani mama yake ni nani wala ndama yuko wapi. Nyumbani kwenu mngefanya hivyo?"

Daudi akasema kwa unyonge kwamba kwao Tanga wana minazi tu. Kulwa akamwambia hata mnazi una mwenyewe. Tukacheka, hata Ng'washi akacheka, na hapo nikajua ugomvi umekwisha. Mkubwa anayejua kukukanya bila kukuvua nguo mbele ya watu ni zawadi, ukimpata mshike.

Tukakusanyika kwenye kompyuta moja. Daudi akairudisha kadi yake kutoka kijani, na nilimwona kidole kikisita kidogo, maskini, alikuwa anaipenda ile rangi. Akaiunganisha na ya Kulwa, na chini yake akaandika kwamba dawa imefika lakini haiwezi kutumika bila mabomba. Kulwa akaiunganisha yake na yangu, akaandika ni vipuri gani anavyongoja, na kwamba funza wameshaingia mashambani. Kadi yangu yenye maneno matatu ikawa na ukoo wake wote. Mtu yeyote angeifungua, hata mgeni wa jana, angeona kwamba mzigo ule ndio uliokuwa unangojewa na pamba ya Bukundi.

Nami nilipoiona hivyo, akili yangu ikaenda palepale kwa dereva mmoja aliyekuwa Mwanza siku ileile. Alikuwa ameshusha marobota ya pamba ya msimu uliopita, na alitakiwa kurudi mtupu. Nikampigia.

"Mama Kabula, ndio naosha gari," akasema.

"Acha kuosha. Pitia dukani, chukua vipuri, uje. Na usisimame Nyashimo kununua mchele."

"Mama, mchele wa Nyashimo..."

"Nitakununulia mimi. Njoo."

Alifika kabla ya magharibi, na gari lake nusu safi nusu tope. Kulwa, yule wa mkiani, alifunga mabomba yale kwa mikono yenye kasi ambayo sikuwahi kuiona. Daudi aliketi chini na suruali yake iliyopigwa pasi, akawa anampa vifaa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ng'washi alilala kwangu, akala ugali wangu, akaniambia bado mbichi, akaingia jikoni kuusonga upya. Mgeni njoo mwenyeji apone, wazee walisema, na mimi siku hiyo nilipona hata mapishi.

Asubuhi mabomba yakapakiwa, naye akapanda mbele karibu na dereva. Kabla ya kuondoka alirudi ndani na kusimama nyuma ya kiti cha Daudi, akiitazama skrini.

"Na mimi mmeniandika humo?"

Tulikuwa tumeandika dawa, mabomba, mipira, lori na barabara. Yeye hakuwemo. Daudi akavuta kiti, akaandika juu kabisa, kwenye kadi zote tatu: *Anayesubiri ni Ng'washi wa Bukundi.* Akamsomea.

"Hapo sawa," Ng'washi akasema, akaenda zake.

Lori lilipofika Bukundi dereva akanipigia, mzigo umeshuka. Mfumo nao ukaniuliza: imekamilika? Kwa mujibu wa kazi yangu ilikuwa imekamilika. Kidole changu kilikuwa pale pale. Lakini jina lile lilikuwa juu ya kadi linanitazama, nikashindwa. Nikampigia kwanza.

"Mayu, umepata mabomba?"

"Ndio nanyunyizia!" akanijibu kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe. "Nipigie jioni, mikono ina dawa!" Akakata.

Nilicheka peke yangu pale mezani, mwanangu, na nilijisikia vizuri kuliko siku nyingine yoyote ya kijani. Jioni nikampigia tena, tukaongea mpaka salio likaisha. Upande wa bondeni wa shamba lake ulikuwa umeshaliwa, huo haukurudi. Uliobaki aliuvuna, na Holo akarudi chuoni. Wale wazee wa ukoo nasikia waliendelea kutaja ng'ombe, lakini walitajiana wenyewe.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Huko unakokwenda watakupa kazi vipande vipande, maana kampuni ni kubwa na hakuna mtu mmoja anayeweza kubeba yote. Kipande chako kifanye vizuri, lakini usikubali kukipokea kikiwa bubu. Uliza kimetoka wapi na kinamwendea nani. Kuuliza si ujinga. Ukikikabidhi kwa mwenzako, kiunganishe na vile kinavyohusiana navyo, na umwandikie yale ambayo wewe ungependa kuambiwa, hata kama unaona anajua. Mara nyingi hajui, na anaona aibu kusema. Mwenzako akikosea kwa kutoambiwa, usimpandishie sauti kama nilivyofanya mimi. Kaa naye kwenye skrini moja. Na kabla hujabonyeza kwamba umemaliza, mtafute yule mtu wa mwisho kabisa anayengoja, umuulize yeye kama imekwisha. Kompyuta haijui. Yeye anajua.

Nenda sasa, mayu, ukapige pasi nguo zako za Jumatatu. Mungu akupe kazi itakayokulisha bila kukunyima usingizi, akupe wenzako wanaopokea simu, na wakubwa wanaojua kusalimia kabla ya kukemea. Na siku itakapofika wewe ndiye unayesubiri mlangoni kwa watu, akujalie ukute jina lako limeshaandikwa.