Jina Nililolifuta Mstari wa Kwanza

Cheka kwanza, umalize, ndipo nianze. Kila niliyemsimulia alicheka, na mmoja aliniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimekunywa. Sinywi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Babati, mchana kweupe, tena siku ya Jumamosi. Na nikudanganye ili iweje, wakati mwenye aibu katika kisa hiki ni mimi?

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Kila wiki ofisi inafunguliwa, kila wiki mgeni anashuka stendi na begi lake anatafuta kazi. Mimi nilikuwa mmoja wao, nimetoka Moshi. Nikapata kibarua kwenye umoja mmoja wa wakulima wa umwagiliaji, upande wa Bagara, nitunze kompyuta yao. Ilikuwa moja tu, ya mezani, nzito kama gunia la mahindi, na ndani yake hakukuwa na mfumo niliosomea. Ilikuwa na mfumo huria, Linux, ule ambao hauuzwi na kila mtu ana haki ya kuufungua na kuurekebisha. Humo ndimo ilimokuwa programu ya kupanga zamu za maji, nani afungulie mfereji shambani kwake siku gani. Aliiandika karani aliyenitangulia, Mama Neema wa Nakwa. Alifariki miezi mitatu kabla sijafika. Sikuwahi kumwona, hata picha yake.

Usiniambie habari za kompyuta kama hujakaa na ile. Leo printa inatoa nusu ukurasa. Kesho kioo ni cheusi, maandishi meupe yanashuka tu, huelewi hata moja. Keshokutwa inakuambia huna ruhusa ya kufungua faili ulilolitengeneza jana kwa mikono yako. Nikikwama napanda baiskeli hadi kwenye intaneti, nasubiri ukurasa ufunguke, nachapa ushauri wa watu nisiowajua, nikirudi nakuta wanazungumzia printa nyingine kabisa. Kuna kosa nililitafuta siku mbili, kumbe ni mabano niliyosahau kuyafunga. Nilitaka kulia, kweli tena. Na ahsante hupati. Mkulima anapokea karatasi yake, anaitazama, anakuuliza kwa nini zamu yake imeangukia Jumapili.

Sasa nisikilize vizuri. Katibu wa umoja akatangaza kuwa nafasi ya karani itakuwa ya kudumu. Neema, binti wa marehemu, alikuwa amesomea kompyuta Arusha, naye akaomba. Pale ofisini walikuwa na desturi yao: mfanyakazi akifariki, na kazi ya mikono yake ikawa bado inatumika, mtoto wake ndiye anayefikiriwa kwanza. Katibu akasema Jumatatu kamati itakaa mbele ya mashine ione programu ni ya nani, maana nami nilishairekebisha mara nyingi. Ikiwa ni ya Mama Neema, binti anaingia. Ikiwa ni yangu, nabaki mimi.

Katibu hakujua kompyuta, lakini aliwahi kuelezwa na marehemu kuwa jina la mwandishi hukaa juu kabisa ya programu. Kwenye mfumo huria hiyo ndiyo heshima yenyewe. Unapewa kazi ya mwenzako bure, unaibadilisha utakavyo, ila jina lake unaliacha, la kwako unaliandika chini yake. Mistari hiyo huanza na alama ya reli, hii #, na mashine ikiiona alama ile inauruka mstari mzima. Haiusomi kabisa. Umewekewa watu.

Jumamosi asubuhi nililifuta jina la Mama Neema, nikaweka langu. Nilijiambia nimeitolea jasho programu ile kuliko yeye. Kwani yeye alihangaika na printa ile? Nirudi Moshi nikaseme nini?

Nikaiendesha programu. Ikagoma. Kosa, mstari wa kwanza.

Umenielewa? Mstari ambao mashine haiusomi, ndio inaoulalamikia. Nikaandika upya, kosa lile lile. Nikazima, nikawasha. Nikaacha mstari wa kwanza mtupu, bila hata nukta, ikaniambia kosa, mstari wa kwanza. Saa nane ilinikuta sijala, nimelaza kichwa mezani. Huenda nilisinzia, sikatai.

Nikasikia mtu anabisha hodi. Akaingia mama mmoja wa makamo, kajifunga kitenge, kashika kikapu, nikajua ni mkulima amefuata karatasi ya zamu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba taratibu, kwa lafudhi ya watu wa Mbulu. Nikamwambia karatasi hakuna, mashine mbovu. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo, akaanza kubonyeza. Niamini, vidole vile vilikuwa vinajua vinakokwenda. Mimi nimesimama tu, mkulima gani huyu?

Akapandisha ukurasa hadi juu.

"Hapa palikuwa na jina," akasema.

Nikamwambia halina kazi, mashine hailisomi.

"Mashine hailisomi. Watu wanalisoma." Akanigeukia. "Hii programu uliiandika wewe?"

Nikasema ndiyo.

"Wewe mwenyewe?"

Nikasema ndiyo, mimi mwenyewe, tena kwa ukali, maana nilishaanza kuona aibu na sikutaka aione. Akatikisa kichwa kidogo. Akabonyeza mara moja, printa ikatoa ukurasa, mzima, bila kukata. Akanipa mkononi, akachukua kikapu chake, akatoka.

Nikamfuata hadi mlangoni nimshukuru. Barabarani hapana mtu. Kinyozi wa jirani alikuwa amekaa nje, na mteja wake kanyolewa upande mmoja tu wa kichwa. Nikawauliza yule mama kaelekea wapi. Wakatazamana. Kinyozi akasema hajatoka mtu humo, wao wako pale tangu saa saba umeme ulipokatika, wanausubiri.

Nikarudi ndani. Kioo cheusi, printa imezimika. Karatasi ninayo mkononi, bado ina joto, zamu zote za wiki zimepangwa vizuri, na juu kabisa limeandikwa: Mama Neema, Nakwa.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Mimi nikaichana.

Jumatatu programu ilifanya kazi bila kusita, jina langu juu, kamati ikanipigia makofi. Neema alikuwa amekaa nyuma.

Nilivumilia wiki tatu, usingizi ukanikataa. Nikaenda Nakwa kumweleza ukweli. Nikamkuta anapalilia mboga, akanawa mikono, akaniletea kigoda. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mama alinieleza. Alikuuliza mara mbili."

Nikaenda kwa Katibu siku hiyo hiyo, nikakiri yote, niondolewe. Akaniambia kamati imeshakaa, barua imeshatoka, nisimharibie kazi. Basi. Neema akaendelea na mboga zake, mimi nikaendelea na kiti cha mama yake.

Nimekikalia hadi leo. Kila programu ninayoiandika, hata fupi kiasi gani, inagoma mstari wa kwanza mpaka niandike pale juu: Mama Neema, Nakwa. Nikiandika, inakubali. Vijana wapya ofisini huniuliza ni nani, nawaambia ndiye aliyeandika. Neema tukikutana sokoni ananisalimu kwa adabu zote, ananichagulia nyanya nzuri. Angenitukana ningepona.

Wewe unayerekebisha kazi za wenzako, usifute jina la mtu ukasema mashine hailisomi. Na ukiulizwa mara ya pili, ndugu yangu, jibu ukweli. Mimi mara ya tatu sikuulizwa.